Moyo wa Pazi Watafuna

Mwaka 1951, katika shamba moja la mkonge karibu na Mlandizi, dresa wa zahanati alimng'oa Pazi gego bovu. Gego lilitoka, uozo ukabaki. Uliteremka na damu mpaka moyoni, ukakuta mlango mmoja uliolegezwa na homa ya viungo ya utotoni, ukaota hapo. Wiki tatu baadaye moyo wa Pazi ukaanza kutafuna.

Ulitafuna jioni, homa ilipopanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayekula muhogo mbichi, na ukuta wa udongo haukuizuia. Wenzake wa kambini walipopita walisimama kidogo mlangoni kungoja kuambiwa karibu, kama ilivyo ada. Pazi hakukaribisha mtu. Tangu mkewe Swaumu afariki, alikuwa hapiki jioni. Wakaacha kumsalimu.

"Mtu mzima anajificha kula kama panya," alisema jirani yake Mashaka, kwa sauti ya kusikika.

"Sili, ndugu yangu. Ni moyo."

"Basi una moyo mchoyo."

Pazi aliona neno hilo ni la haki. Kuanzia siku ile, kila jioni alitandika mkeka, akaweka sahani tupu, akaita, "Karibuni." Hakuingia mtu.

Dar es Salaam ilikuwako sindano ya kuua uozo wa namna hiyo, lakini hakupokewa mtu bila barua ya dresa. Naye dresa alipima wagonjwa alfajiri tu, kabla ya kazi, kwa kuwagusa shingo. Saa hizo mwili wa Pazi ulikuwa umepoa na moyo wake umelala.

"Njoo jioni unisikilize, bwana dresa."

"Jioni nimefunga. Wewe mzima. Shambani."

Mwezi wa pili wa ugonjwa vijistari vyekundu vilitokea chini ya kucha zake. Jioni moja alipoita, Mashaka akaingia na ugali na kisamvu. Walikula, na moyo ukatafuna pamoja nao. Ulitangulia kushiba, ukanyamaza.

Alfajiri Mashaka na wenzake watatu walimbeba Pazi kwa mkeka mpaka zahanati, wakamlaza kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, dresa alimgusa shingo.

"Hana homa. Mzima. Shambani."

Wakambeba mpaka kwenye mstari wake wa mkonge, wakamlaza, wakamfunika kanga ya Swaumu mpaka usoni. Kisha wakaanza kukata, pamoja na sehemu yake.