Umri wa Tope

"Lishike hivyohivyo, mama, lisiiname."

Melania alikuwa ndani ya lambo, maji yamemfika magotini, amelikumbatia bomba la plastiki kwa mikono miwili. Ignas, fundi wa maabara kutoka Mwanza, aliligonga juu kwa nyundo ya mbao. Bomba lilizama kidogo, likazama tena, kisha likagota. Ukingoni ng'ombe walikuwa wamesimama wakiwatazama, wakisubiri watoke ili wanywe.

"Limegota," Melania alisema.

"Huo ni udongo mgumu wa chini. Tope limeishia hapo." Ignas alipima kwa kiganja sehemu iliyozama. "Haifiki hata shibiri mbili."

"Ndivyo tunavyolitunza," Melania alisema, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. "Lambo hili halijawahi kuota majani, baba. Uliza watu wote hadi Buseresere."

Ignas aliandika kipimo kwenye daftari. Mwezi uliopita alikuja akachukua tope la upande wa mashariki, na majibu yalipotoka hakuyapenda, ndiyo maana alirudi. Kazi yake alikuwa amemweleza Melania tangu siku ya kwanza. Miamba hutoa hewa, hewa ile ikipanda juu hugeuka madini ya risasi, machache mno hata jicho haliyaoni, nayo hushuka na mvua na kutulia kwenye tope la malambo na maziwa. Yakishatulia huanza kuisha taratibu. Kila miaka ishirini na miwili hubaki nusu, na ya nusu hiyo hubaki nusu tena. Basi mtu akilipima tope kuanzia juu hadi chini, hujua la chini kabisa lilitua mwaka gani.

Mgodi uliotaka kulichukua eneo lile ulitaka kuujua mwaka huo, yaani mwaka lambo lilipochimbwa. Leseni yake ilikuwa na miaka kumi na minane. Ikiwa lambo lilichimbwa kabla ya leseni, kaya za pale zilikuwa za wenyeji, na zingejengewa nyumba kwingine na kuhamishiwa makaburi yao. Ikiwa lilichimbwa baadaye, basi kila kitu pale kilikuwa tegesha, vitu vya kutegea fidia, na watu wake wangeondoka kama walivyo. Picha za zamani za kutoka angani zilikuwepo, ila mahali pale zilionyesha wingu tu. Na kaburi la Maige, mume wa Melania, lilikuwa nyuma ya nyumba, lina msalaba wa saruji.

Jua lilipoanza kuzama, waliolichimba lambo walifika na majembe yao. Walikuwa saba, wote marehemu, na Maige alikuwa wa tatu kwenye mstari, amekunja suruali kama alivyozoea. Walianza kuja kiangazi kile vijana wa mwisho wa kitongoji walipoondoka kwenda kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, kukawa hakuna wa kuzoa tope.

"Shikamooni," Ignas alisema, akisogeza vifaa vyake.

"Marahaba. Mwadila," walijibu kwa salamu ya jioni ya Kisukuma, wakaingia majini.

Walifanya kazi kwa mstari, bila haraka. Wawili waliinua jiwe la kufulia, mmoja akazoa chini yake, wakalirudisha. Tope walilitupa ukingoni, ambako asubuhi wanawake wangelichota kwa ajili ya bustani na kusiriba kuta. Ignas alilitazama rundo lile kwa muda mrefu.

"Mama, hivi wanazoa kila mwaka?"

"Kila kiangazi. Walipokuwa hai ilikuwa hivyo, na sasa ni hivyo."

"Lote?"

"Sasa utazoa nusu, uache nusu?"

Ignas alikaa juu ya ndoo. Alimwambia kwamba tope la mashariki lilikuwa na umri wa mvua za mwaka mmoja, na kwamba hili la leo halingesema tofauti. Tope likishafukuliwa huchanganyika, halina tena juu wala chini. Hata lile la kwenye kuta halifai. Angetaka mahali ambapo jembe halijawahi kugusa.

Melania alielewa. Alisimama huku maji yakimchuruzika miguuni, majivuno yale yamemwisha.

"Baba Luka!" aliita. "Kuna kona yoyote mliyoiruka?"

Maige aliinua kichwa. "Kona ya nini?"

"Ya lambo. Ambayo hamkuzoa."

"Umeanza kututukana, Mama Luka? Tuliruka kona lini?"

Wenzake walicheka. Mmoja alisema huyu mwanamke wa Tinde tangu aolewe hajaacha kuwakagua.

"Basi acheni kuanzia leo. Acheni ile pale ya mwisho."

"Na ng'ombe wakwame humo?"

"Hata wakiacha," Ignas alisema polepole, "litaanza kuhesabu leo. Baada ya miaka ishirini litakuwa na ushahidi wa miaka ishirini."

Melania alipiga hesabu ya umri wake, akaiacha.

Wakati huo gari la mgodi lilifika, akashuka Philomena, afisa mahusiano, dada mpole mwenye buti safi. Alimsalimia Melania kwa kupiga goti kidogo, kisha akawasalimia wale waliokuwa majini mmoja mmoja. Ignas alimweleza yote. Philomena alisogea ukingoni.

"Wazee wangu, lambo hili mlilichimba lini?"

"Mwaka sabini na nne," Maige alijibu bila kuacha kuzoa. "Tulipohamishiwa hapa kwenye kijiji cha ujamaa. Tulilia kwa kiu miezi miwili, ndipo tukachimba."

"Nami niliolewa mwaka uliofuata," Melania aliongeza. "Nimeyanywa maji yake tangu siku hiyo."

"Nakuamini, mama. Ila wewe una maslahi, ushahidi wako haupokelewi."

"Na hawa?"

"Hawa hawana maslahi. Wangepokelewa vizuri kabisa." Philomena alifuta jasho. "Shida ni vitambulisho. Vilishafutwa walipofariki, na shahidi asiye na kitambulisho mfumo haumkubali. Nilijaribu kule kijiji cha jirani, ukakataa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunabaki na maabara, mama. Tope ndilo litakalosema."

"Tope litasema lina mwaka mmoja," Ignas alisema.

"Basi andika hivyo. Ndiyo kweli yake, au siyo?"

Ignas alikubali kwamba ndiyo kweli yake. Philomena alimshika Melania mkono kwa mikono yake miwili, akasema notisi ingeletwa wiki ijayo na wangepewa mwezi mmoja. Kaburi lingebaki lilipo. Uzio ungepita mbele yake, nalo libaki ndani ya mgodi. Aliaga, akaondoka.

Ignas alifunga bomba lake kwa utepe pande zote mbili, maana lazima alipeleke hata hivyo. "Samahani, mama," alisema. Melania alimwambia wabeja, asante, awahi bodaboda kabla giza halijaingia.

Alipobaki peke yake aliwatazama wale saba. Walikuwa wamefika katikati, na mmoja alikuwa nyuma ya wenzake kwa sababu ya mgongo. Melania alikwenda nyumbani, akapita kando ya kaburi, akachukua jembe, akarudi, akaingia majini. Maige alisogea kumpa nafasi upande wake wa kushoto.

"Si ulisema tuache?"

"Ng'ombe bado wanakunywa," Melania alisema.

Walizoa pamoja hadi ikawa vigumu kuona tope liko wapi na maji yako wapi. Hapo Maige alisuuza jembe lake, akanyoosha mgongo, akatazama upande wa magharibi ambao haukuwa umeguswa.

"Ule kesho," alisema.

"Njooni mapema," Melania alimjibu.