Wa Kulibeba Jeneza la Zakariya

Sala ya alasiri ilikwisha, na Abdulhalim akabaki mlangoni pa msikiti wa Kibokoni kando ya jeneza la kakake, Zakariya. Pamoja na imamu, walikuwa watu watatu. Jeneza lataka wanne, na wengine wa kupokezana hadi makaburini.

"Watu mliwaarifu?" imamu aliuliza.

"Tangu asubuhi, maalim. Kwenye simu."

Akamwonyesha kundi la mtaa. Watu mia mbili walikuwa wamejibu, wote kwa maneno yale yale: Mungu amrehemu, na kipicha cha vijikono viwili vya dua. Kampuni ya simu iliyaweka tayari ili mtu asihangaike kuandika. Alibonyeza tu, akawa ameshazika! Zamani mnadi alipita vichochoroni akitangaza msiba, na aliyemsikia aliona haya kubaki ndani. Simu humwonea nani haya?

Ikalia tena. Msiba mwingine, kutoka kundi la Majengo. Kidole cha Abdulhalim kikabonyeza vile vijikono kabla macho yake hayajalifikia jina.

Kisha akalisoma. Zakariya. Tangazo lake mwenyewe lilikuwa limezunguka mji mzima, likamrudia, naye akalijibu kama wenziwe.