Uboho wa Magdalena

Asubuhi ya Jumatatu, Magdalena alikuwa anakata majani ya migomba ya kulishia ng'ombe aliposikia anaitwa kwa sauti yake mwenyewe. Nyuma ya uzio wa mradi wa utafiti, palipokuwa na ghala la kahawa kabla ushirika haujafilisika, alisimama kondoo jike namba kumi na nne. Kondoo akauliza Brenda ameamkaje. Magdalena akajibu kwamba ameamka vilevile, damu ya puani haikatiki, akaendelea kukata majani.

La kushangaza halikuwepo. Mapema mwaka huo wa tisini na sita, Daktari Lesikar wa mradi alikuja na gari jipya na Kiswahili cha semina, akaeleza kwamba ndani ya mifupa mna uboho, na uboho ndiko damu inakoota. Wa Brenda, mtoto wa miaka tisa, ulikuwa umekauka. Wa dada yake, Magdalena, ulipimwa ukaonekana unamfaa kabisa. Magdalena akalazwa kifudifudi, akachomwa sindano nene nyongani, akauma kanga asilie. Karatasi aliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja. Mwinjilisti Aminieli, aliyeombwa aisome, aliona aibu kusema haijui lugha hiyo, basi akaiwekea mikono akaiombea. Watu wote wakaitikia amina.

Uboho ukatiwa kondoo. Ndivyo sayansi inavyokwenda, alisema daktari, mnyama mkubwa kwanza, mtu baadaye. Kondoo mwenyewe alikuwa mzima. Alikaushwa uboho wake kwa dawa ili apate kuponywa. Akapona, akanenepa, akaanza kuwaamkia wazee shikamoo.

Jumapili iliyofuata kondoo alikwenda kanisani. Wageni walipoambiwa wasimame, akasimama, akasema Bwana asifiwe, akafikisha salamu za zizini. Mwinjilisti alimuuliza tu cheti cha uhamisho kutoka usharika wake. Hakuwa nacho, akaandikwa mgeni. Sufu aliyoleta kuwa sadaka ikanadiwa nje pamoja na mayai na mikungu ya ndizi.

Mnada ulipokwisha, akamkabili daktari, Magdalena akiwa pembeni.

"Daktari, uboho ninao," alisema kondoo. "Nichome mimi, umpe mdogo wangu."

Daktari alilisifu wazo hilo. Ila uboho huo sasa ulikuwa mali ya mradi, na Brenda hakuwemo kwenye mradi. Magdalena akasema basi achomwe yeye tena. Daktari akaeleza kwa upole kwamba hiyo itakuwa tiba, na tiba ya watu haina mfadhili. Siku hizi kila mtu anachangia huduma mwenyewe.

"Kwa kondoo tuna fungu," alisema. "Dada, Brenda angekuwa kondoo ningempokea hata leo."

Magdalena hakuona kejeli. Jumanne alimbeba Brenda mgongoni, akambwagia ngozi ya kondoo mabegani, akampeleka zizini. Loishiye, mlinzi wa getini, hakubisha. Alimweka kwenye mizani, akasoma mwongozo uliobandikwa ukutani, akasema anasikitika sana: kondoo wa mradi hapokelewi chini ya kilo thelathini, na huyu ana kumi na tisa. Akawapa maji ya kunywa, akawafungulia geti. Magdalena alirudi nyumbani na Brenda mgongoni.

Ijumaa mradi ulitimiza malengo. Gari likaja kumchukua kondoo kumpeleka uwanja wa ndege, akiwa na blanketi, muuguzi wake na chupa ya maji ya akiba. Alilia kwa sauti ya Magdalena njia nzima ya kuteremkia Tengeru, na watu wakapisha kando wakavua kofia.

Brenda aliisikia akiwa kitandani.

"Dada, unalia nini?"

"Si mimi," alisema Magdalena. "Ni kondoo. Amepata rufaa ya kwenda nje."

"Anaumwa?"

"Hapana," alisema Magdalena. "Amepona."