Aya ya Lucien

Waziri Berlancourt alikuja mwenyewe kwenye kiwanda cha uchapaji, viatu vyake vikikwepa wino sakafuni. Kitabu chake cha mapinduzi ya Julai, wananchi walipomng'oa mfalme, ndicho kilichomtoa kwenye kijigazeti cha vichochoro vya Paris, kikampa kiti Bungeni, kisha wizara. Sasa miaka kumi na miwili imepita, kinachapwa upya, na mwenyewe amekisahihisha.

Anselme Courtade, mpanga herufi, alikuwa na ukurasa uliosahihishwa mkononi tangu asubuhi.

"Mheshimiwa, hapa tunalinganisha toleo la zamani na jipya kwa sauti, na msomaji wetu anaumwa. Tusomee wewe. La zamani kwanza."

"Haraka basi, Bunge linaningoja." Akasoma kwa sauti yake ya jukwaani: "Lucien Courtade, mpanga herufi wa miaka ishirini na miwili, alikufa juu ya mawe ya barabara, akijua anachokifia."

Wafanyakazi wakasimamisha mashine. Wote walimjua Lucien. Hata huyu waziri alimjua. Alilia kaburini kwake, mkono begani mwa Anselme.

"Na la sasa, Mheshimiwa."

"Walevi kadhaa waliolipwa walifia hapo."

Hakujikwaa hata silabi moja. Mtu mzima, msomi, na sauti ni ile ile aliyolilia makaburini.

"Jina nimelitoa kwa hisani, Courtade," akasema. "Nduguyo asiaibike."

"Hisani gani hiyo, bwana wewe? Lirudishe. Kama alikuwa mlevi, andika Lucien Courtade alikuwa mlevi, utie sahihi mbele ya waliomzika."

"Unanifundisha historia?"

"Nani, mimi? Mimi nakushikia kalamu tu."

"Na wino upo tele, Bwana Waziri," akadakia mzee Pernet kutoka kwenye mtambo. "Usituonee haya."

Waziri akaipokea kalamu. Kisha Berlancourt akapiga mstari mmoja, akaifuta aya nzima, akatia sahihi ya ruhusa ya kuchapa chini yake na kuchukua kofia yake. Basi, wafu wa mtaa ule hawakuwa mashujaa wala walevi. Hawakuwahi kuwepo.

Anselme akavua aproni. Kwa miaka thelathini hakuwahi kutoka na hata herufi moja ya metali ya mwenye kiwanda. Siku hiyo alizichagua sandukuni moja moja, kuanzia L, kumi na nne, mbele ya macho ya wote, akazitia mfukoni. Hakuna aliyemuuliza anampeleka wapi Lucien.