Hodi ya Tatu

Mwalimu Ussi alitaka kutuona bila sisi kumwona, na wala hakuficha. Alituita watatu, mimi, Zoeb na Hemedi, akatuambia tutengeneze programu ya kuunganisha kompyuta zote za shule yetu pale Kilindoni. Yeye akiketi mbele, abonyeze namba, na kioo cha kompyuta ya mwanafunzi yeyote kimfungukie. Mwanafunzi asijue. Tukifaulu tungeipeleka Dar es Salaam kwenye mashindano ya shule.

Mimi sikuwa nimewahi kutoka kisiwani kwetu Mafia. Niliitaka safari ile kuliko nguo ya Idi.

Hemedi alichukua nyaya na swichi, maana umeme ukikatika yeye ndiye mwenye subira ya kuanza upya. Zoeb, ambaye baba yake ana duka pale mjini, aliandika sehemu ya kupeleka picha ya kioo kutoka mashine moja hadi nyingine. Mimi, Aziza, nikapewa mlango: sehemu inayoamua nani aingie kwa nani. Sasa mimi nimelelewa kijijini Utende, kwa bibi yangu. Hata mkaguzi wa Hifadhi ya Bahari akija na sare yake kuangalia nyavu, husimama nje ya ua wetu akapiga hodi. Akipiga tatu, kimya, huondoka akarudi baadaye. Hakuna aliyemwamuru. Ni mtu wa pwani, anajua.

Nikaandika hivyo hivyo. Mwalimu akibonyeza namba, kwenye kioo cha mwanafunzi, na kwenye cha mwalimu pia, linatokea neno Hodi. Mwanafunzi akibonyeza Karibu, mwalimu anaona kila kitu. Asipojibu mara tatu, programu inamrudisha mwalimu alikotoka.

Mwalimu Ussi alipoiona alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema chumba cha kompyuta si nyumba ya mtu, na kwamba mwenye kufanya upuuzi ataufunga mara tu akisikia hodi. Nikamwambia, kwa adabu zangu zote, kwamba akimshuku mtu anaweza kunyanyuka akaenda kusimama nyuma yake, miguu anayo. Hilo la miguu ningelimeza, lakini lilishatoka. Akaniambia niiondoe hodi kabla ya siku ya wageni, tutakapowaonyesha wazazi programu, la sivyo jina langu litoke kwenye safari.

Zoeb alinisihi. Tuiondoe kwa siku moja tu, alisema, tukirudi kutoka Dar tutairudisha. Nilimjia juu. Nilimwuliza kama kwao wateja huruhusiwa kupita dukani mpaka chumbani kwa mama yake, kwa siku moja tu. Hemedi aliendelea kukaza waya wake, lakini nilimwona akitabasamu.

Siku ya wageni walikuja wazazi, pamoja na Bi Chiku, mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwalimu hakuniuliza kama hodi nimeiondoa. Haikumjia akilini kwamba msichana wa kidato cha tatu angeiacha. Akabonyeza namba yangu, na ukutani, mbele ya watu wote, projekta ikaonyesha neno: Hodi.

Wazazi wakacheka, wameipenda. Mimi mikono niliiweka mapajani. Ikaja hodi ya pili. Mwalimu akanikazia macho. Niliiona safari yangu ikiondoka, na bado mikono sikuinyanyua. Ikaja ya tatu, kisha yakatokea maandishi: Mwenyeji hayuko tayari. Rudi baadaye.

"Aziza, jibu," mwalimu akasema.

"Sijawa tayari, mwalimu."

Alianza kunijia. Bi Chiku hata kitini hakunyanyuka. "Mwalimu, umepiga tatu," akasema. "Desturi unaijua."

Jumatatu jina langu likafutwa. Zoeb, yule yule wa siku moja tu, akamchukua Hemedi wakaenda ofisini kuomba ya kwao yafutwe pia. Boti ya Nyamisati, ya kuvukia bara, ikaondoka bila sisi. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema. Programu mwalimu akaizima.

Lakini mji ni mdogo na wazazi wana midomo. Mwalimu Ussi akifika sokoni, wauza samaki humwuliza kama amepiga hodi. Akienda kunyoa, kinyozi humwambia mwenyeji hayuko tayari.

Wiki iliyofuata alianza kutukagua kwa miguu. Alipita nyuma ya wenzangu mmoja baada ya mwingine, bila neno. Alipofika kwenye kiti changu viatu vikanyamaza. Alisimama pale mpaka nikahisi shingo inaniwasha.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya chini.

Niliendelea kuandika. Akaipiga ya pili. Sasa chumba kizima kilikuwa kimeacha kuchapa, vilikuwa vinasikika vitufe vyangu tu. Akakohoa, akaipiga ya tatu.

Nikamaliza sentensi yangu, nikaweka nukta, nikasogeza kiti.

"Karibu, mwalimu."