Sleiman wa Barafuni

Shangazi yangu, Bi Hamda, ndiye aliyeniozesha, na mimi mwenyewe sikuwapo. Ndiyo kwanza nimefika kutoka Denmaki, nimo bafuni najimwagia maji, simu yangu nimeiacha ukumbini. Jirani yake, Bi Ummkulthum, alikuja kumtazama mgeni, akaonyeshwa video ya mashindano: mimi nimenyooka hewani kwa nguo fupi, na chini yangu mwanamme wa Kizungu amenibeba kwa mkono mmoja.

"Na huyu nani yake?" akauliza Bi Ummkulthum.

Shangazi hakubabaika. "Mumewe. Kasilimu. Anaitwa Sleiman."

Nilipotoka bafuni nikapewa hongera. Jirani alipoondoka nilimjia juu Shangazi, lakini naye alikuwa na lake.

"Haya, n'ambie wewe, Nadra. Si mume, si ndugu, si mchumba. Nani basi anayekushika vile mchana kweupe?"

"Mwenzangu."

"Mwenzio wa nini?"

"Wa kuteleza kwenye barafu."

Alinitazama kwa huruma, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Jina lake ni Henrik. Wazazi wangu walihamia Denmaki mimi mdogo, shule ikatupeleka kwenye uwanja wa barafu, na kocha akaniona ni mwepesi na sina woga. Akanipa Henrik. Mchezo wetu ni wa watu wawili, mwanamme na mwanamke. Mwanamme humnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku wanakwenda mbio, humrusha mbali, na mwanamke huzunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja, kwenye chuma chembamba kama kisu cha jikoni. Mwanamke asiye na mwenzake hana mchezo. Hawezi kushindana, hata mazoezi hana ya kufanya. Nilikua mikononi mwa Henrik, nikapata medali naye, nikavunjika mbavu naye, na hatukuwahi hata siku moja kukaa mezani tukala chakula wawili peke yetu. Sijui wimbo aupendao. Najua jasho lake la woga na jasho lake la kazi, na tofauti yake.

Baridi iliyopita bega lake lilikufa ganzi, akafanyiwa upasuaji. Daktari akasema tungoje. Nikaja kungojea Unguja, kwa sababu kule kila asubuhi miguu ilikuwa inanipeleka uwanjani yenyewe. Akipona ataniita, nami nitarudi. Sikuwa na mpango mwengine wowote wa maisha.

Asubuhi nilipanda juu ya paa la nyumba kufanya mazoezi. Nilinyoosha mkono, nikauweka juu ya bega ambalo halikuwapo, nikahesabu kwa Kidenmaki, nikaruka. Mwanamke wa nyumba ya pili, anayeanika nguo, akaniuliza nafanya nini.

"Mazoezi."

"Peke yako?"

"Ni ya watu wawili."

Akacheka, nami nikacheka. Nikashuka chini, sikusema na mtu mpaka chakula cha mchana. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi. Nyumba ya Shangazi haikosi watu tangu alfajiri, wote wakarimu, na hapana hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia kwamba kiuno changu kinasahau kurushwa.

Ujumbe wa Henrik ulinikuta Mlandege, dukani, Shangazi akivutana na muuzaji juu ya kanga. Bega limepona, aliandika. Anarudi msimu huu. Anarudi na Freja, binti wa miaka kumi na saba, mwepesi kuliko mimi, na kocha amekubali. Anasikitika sana. Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama nakichukua.

"Una nini wewe?" Shangazi akasema.

"Kaniacha."

Neno lilitoka lenyewe, sikulipata jengine. Muuzaji alilisikia, na wateja wawili walilisikia, na tulipofika nyumbani Bi Ummkulthum alikuwa keshalijua.

"Basi utakaa eda," Shangazi akaniambia chumbani.

"Eda ya nani?"

"Ya Sleiman! Watu washajua umeachwa. Kesho wakuone Forodhani unakula pweza, watasemaje?"

Nilicheka, naye akashindwa kujizuia, tukacheka mpaka tukashikana. Yeye akamaliza. Mimi nikashindwa kumaliza, na akaona, akatoka kwenda kuchemsha kahawa.

Wanawake walianza kuja baada ya alasiri. Kila mmoja alinishika mkono na kusema pole. "Jamani, mimi sijaolewa wala sijaachwa," nikawaambia. Bi Ummkulthum akatikisa kichwa. "Mwanzo wote husema hivyo." Hasira zikanipanda, nikainuka nikaingia chumbani kwangu.

Humo simu ikalia. Alikuwa Freja, na alikuwa analia. Amejaribu mrusho mkubwa na Henrik, ameanguka, akarudia, akaanguka tena. Kocha anasema ni woga wake. Henrik ndiye aliyempa nambari yangu. Je, mimi nilikuwa nikifanyaje?

Bi Ummkulthum alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Nani huyo?"

"Aliyeshika nafasi yangu."

"Mke mwenzio! Nawe unampokelea? Kata!"

Nilitaka kukata. Nilikuwa na jambo moja ambalo kocha halijui, kwa sababu aliye ukingoni mwa uwanja hasikii. Henrik huhesabu kwa sauti ndogo kabla ya kurusha, na akiingiwa na woga hunyamaza. Akinyamaza, mkono wake wa kushoto huchelewa, na ukimngoja unaanguka. Mwenyewe hajui kama hunyamaza. Medali zimebaki kwenye kabati la chama, picha ni za wapigapicha, lakini hili lilikuwa langu mimi. Na nilitaka Freja aanguke. Si vibaya, ainuke mzima, kiasi cha Henrik kunikumbuka.

Lakini naijua barafu inavyompokea mtu, na sauti ile ilikuwa ya mtoto.

"Mwenye woga ni yeye, si wewe," nikamwambia kwa Kidenmaki. "Msikilize anavyohesabu. Ukisikia kanyamaza, usimngoje. Hesabu wewe, kwa sauti, ili na yeye asikie, kisha ruka."

Akapenga kamasi. "Na wewe alikuwa akikunyamazia?"

"Mara nyingi."

Alishukuru, akashukuru tena. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na wewe sasa utacheza na nani?"

"Nina wageni," nikasema, nikakata.

Bi Ummkulthum hakuwa ameelewa hata neno. "Umemtukana?"

"Nimemuusia."

"Umemuusia nini?"

"Namna ya kuishi na Sleiman."

Alikiweka kikombe chini taratibu, akakaa kitandani kando yangu. Ukumbini sauti za wanawake zilikuwa chini, kama inavyokuwa watu wanapomngoja mtu atoke.

Nikajitanda kanga, nikatoka, nikakaa mkekani kati yao. Bibi mmoja nisiyemjua alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Mlikaa sana?"

"Tangu mdogo," nikasema.

"Pole sana."

"Nshapoa," nikamjibu, kama inavyojibiwa, na hapo ndipo nilipolia.