Mzigo wa Marehemu Ngwila

Ildefonce alikuwa ameinama juu ya gunia la mchele, sindano ya kushonea mkononi, pale utingo wa lori la mizigo alipopita nje ya mashine ya kukoboa akipiga kelele kwamba lile kasha la vitabu linarudi.

"Linarudi wapi?"

"Lilikotoka! Karani kasema mwenyewe hajulikani. Tukishakula tunaondoka."

Ildefonce alijichoma kidole. Hajulikani! Ifakara nzima hakuna aliyekoboa mpunga asimjue mshona magunia huyu, na karani mwenyewe alikwishamwona ofisini mwake. Mara ya kwanza Ildefonce alipofuata kasha lake, karani alikuwa amekwenda msibani Mahenge. Mara ya pili karani alikuwapo, muhuri ndio haukuwapo. Leo vyote viwili vipo, na kasha ndilo linataka kuondoka.

"Nenda, mwandishi," alisema Fulgensi, mwenzake wa upande wa pili wa gunia. "Nenda ukatuletee hicho kitabu. Au hakipo?"

Wenzake wakacheka. Walikuwa wakimcheka hivyo tangu mwaka jana, aliposema kwa kiherehere chake kwamba ofisi ya vitabu ya huko Dar es Salaam imekubali hadithi yake na itaipiga chapa. Mshona magunia kutunga kitabu! Huko Mchombe, alikozaliwa, walikwisha kumpa jina la Bwana Kitabu-Kinakuja. Alikuwa amechoka. Mvua zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa milimani. Njia ya Kidatu ikishakatika hakuna lori mpaka masika yaishe, na kasha lililorudishwa halina anayejua litatupwa ghala gani. Akaichomeka sindano kwenye gunia.

"Ukitoka, leo hukuja kazini," msimamizi alimwambia.

"Basi sikuja," Ildefonce alijibu, akatoka.

Ofisi ya karani wa baraza ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, na kasha lenyewe lilikuwa pale pale mlangoni, limepigwa misumari, limeandikwa kwa rangi nyeusi: NGWILA, IFAKARA. Theodori, karani, kijana wa shule aliyevaa soksi ndefu kwenye joto lile, aliomba tikiti ya kodi kabla hajaitikia salamu.

"Hapa pameandikwa Ildefonce Kelestini," alisema. "Kasha ni la Ngwila. Wewe nani?"

"Ndiye mimi huyo huyo, bwana karani. Ildefonce ni jina la ubatizo. Ngwila nimerithishwa."

Na alikuwa anasema kweli tupu. Babu yake Ngwila alipofariki, siku ya kumaliza matanga wazee walimkalisha Ildefonce kwenye mkeka, wakamvika shuka la marehemu, wakamwita kwa jina lake mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo yeye ndiye Ngwila. Baba yake mzazi, Kelestini, humwita "baba". Bibi yake humwita "mume wangu", na si kwa utani tu. Kwa hiyo alipomaliza kuandika habari za mwaka wa mafuriko, jinsi watu wa bondeni walivyovuka na mbegu zao za mpunga vichwani, habari alizosimuliwa na babu huyo huyo, hata hakufikiri. Aliandika jina la mwenye habari, ambalo ni jina lake. Nani bondeni angeandika vingine?

Theodori alishusha daftari la kodi, akalamba kidole, akafunua.

"Ngwila yumo. Amefutwa kwa kufa. Sasa kama wewe ndiwe Ngwila, na hukufa, kodi ya miaka yote hii umelipa wapi?"

"Babu amekufa. Nasema nimerithi jina."

"Ahaa, amekufa. Basi maiti hapokei mzigo."

"Lakini kitabu nimekiandika mimi!"

"Wewe Ildefonce?"

"Mimi."

"Kasha si la Ildefonce."

Kodi yake mwenyewe Ildefonce alikuwa ameilipa kwa taabu, kwa kuuza baiskeli, na tikiti ilikuwa mezani pale ikionekana. Akijiita Ngwila, atakamatwa kwa kodi ya mtu aliyekwisha kuoza. Akijiita Ildefonce, kitabu si chake. Na huyu kijana wala hakuwa na chuki naye, hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuwa anafanya kazi.

"Nipe njia, bwana karani. Njia moja tu."

Theodori alijikuna. "Mali ya marehemu anaweza kuchukua mjane wake. Ana mjane?"

"Yupo! Bibi Yosefina, hapo Lipangalala!"

"Mlete upesi. Dereva akipiga honi, mimi napakia."

Ildefonce akarudi mashineni mbio, akaazima baiskeli ya Fulgensi, akaikanyaga mpaka Lipangalala kama mwizi. Bibi Yosefina alikuwa anapeta mchele uani, ungo magotini.

"Shikamoo bibi. Inuka twende ofisini, kitabu kimefika!"

"Marahaba, mume wangu. Kitabu changu?"

"Ndiyo. Panda, lori linaondoka."

Bibi akaweka ungo chini taratibu. "Nipande na kanga ya jikoni? Mke wa Ngwila hajapata kwenda barazani hivi." Akaingia ndani. Akaomba maji ya kunawa. Akatafuta kanga mpya, akaikosa, akaiona, ikawa na mikunjo, akaikung'uta. Ildefonce alisimama uani akishika usukani na kusaga meno, kwa maana bibi huwezi kumfokea.

Walipofika, Raimundi, dereva, alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani, na utingo alikuwa ameshika upande mmoja wa kasha.

"Liache!" Ildefonce alipiga kelele. "Mjane huyu hapa!"

Theodori alimwamkia vizuri, kwa kuwa bibi alikuwa bibi. Akamwekea kiti. Akachukua karatasi na nakala yake, akaweka kaboni katikati, akachovya kalamu.

"Bibi, wewe ni mke wa Ngwila?"

"Ndimi."

"Mumeo alifariki lini?"

Bibi Yosefina alimtazama karani, kisha akamtazama Ildefonce, kisha karani tena, akamwonea huruma.

"Hakufariki, mwanangu. Huyu hapa amesimama."

Ildefonce alishika kichwa kwa mikono miwili. Utingo alicheka mpaka akaliachia kasha.

"Bibi," Ildefonce alisema, "anamwulizia babu. Yule mzee."

"Nimesikia. Mzee tulimzika, na jina tukalitoa kaburini tukakupa wewe. Sasa nije mbele ya serikali niseme Ngwila amekufa, huku nakuona? Unataka nikuapize?"

"Ni maneno ya karatasi tu, bibi."

"Karatasi ndiyo mbaya zaidi. La mdomoni linapita."

Nje Raimundi akapiga honi. Theodori akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alianza tu kufungua kifuniko cha muhuri mwingine, ule wa kurudisha mizigo.

"Ngoja," Ildefonce alisema. "Bibi aweke dole kwamba amepokea. La kufa nitalisema mimi."

"Shahidi anatakiwa asaini," Theodori alisema. "Sema."

Ildefonce alisema, na karani akaandika, akisoma kila neno kwa sauti kama mtu anayeandikisha darasa: kwamba Ngwila wa Ifakara, mwandishi wa kitabu na mwenye mzigo huu, amefariki dunia, na kwamba hakuna mwingine mwenye jina hilo anayedai chochote juu yake.

"Nakala ya pili inakwenda wapi?" Ildefonce aliuliza.

"Inarudi na lori. Kwa waliotuma. Lazima wajue mtu wao amekufa, wasije wakamwandikia tena."

Kalamu ilikuwa imekwisha kufika mkononi mwa Ildefonce. Akaelewa. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wamesema wanangoja hadithi nyingine kutoka kwa Ngwila. Watapokea habari ya msiba. Watasikitika, labda, kisha watafunga jalada lake, na siku Ildefonce Kelestini asiyejulikana akiwaletea maandishi yenye mwandiko wa marehemu, watamwona mwizi. Aliumia moyoni kabisa, kuliko alivyoumia siku ya mazishi yenyewe, na aliona haya kwa kuumia hivyo. Lakini kasha lilikuwa pale chini, na ndani yake mlikuwa na kitabu ambacho Mchombe nzima ilikuwa inasema hakipo.

Akasaini: Ildefonce Kelestini, shahidi.

Bibi Yosefina alitoa kidole gumba kikapakwa wino, akakibandika. Kisha akamvuta mjukuu wake, akamtemea mate kidogo kifuani, akampangusa kwa kiganja, jinsi mtu aliyetajwa vibaya anavyosafishwa. Theodori alitazama dirishani mpaka walipomaliza.

Utingo aliichukua nakala, akairusha kwa Raimundi, na lori likaondoka kuelekea Kidatu. Matone ya kwanza yalianza kuanguka juu ya bati.

"Lazima nikague," Theodori alisema, akaking'oa kifuniko cha kasha kwa nyundo. Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri, vyembamba, vyenye jalada la kijani na mtumbwi umechorwa. Vilinukia wino. Ildefonce alichukua kimoja, akampa bibi. Bibi hajui kusoma, akakikumbatia kichwa chini miguu juu. Karani naye alichukua kimoja, cha ukaguzi, akafungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Akaguna. Akafunua wa pili. Akaketi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alipofika mahali ambapo jumbe anakataa kupanda mtumbwi mmoja na mbuzi wake, alicheka kwa sauti, akapiga meza.

"Huyu mtu anajua kusimulia bwana! Bomani hapa tunaletewa vitabu vya watu wa mbali tu. Huyu ni wa kwetu kabisa." Akafunua tena. "Hivi kipo kingine? Ameandika kingine?"

Ildefonce alikuwa ameinama anazungusha kamba kwenye kasha. Alinyoosha mgongo.

"Nani?"

"Huyu Ngwila."

"Alikuwa amefika nusu," Ildefonce alisema. "Ukamwua."

Bibi Yosefina akainuka kutoka kwenye kile kiti, akajifunga kanga yake mpya, akasogea mpaka mezani na kunyoosha mkono wenye wino kidoleni.

"Hicho ni mali ya marehemu, mwanangu. Mjane ni mimi. Lete."

Karani aliutazama ukurasa aliokuwa hajaumaliza, akampa.